Jalidi kwenye Njia ya Mkato

Wenzake kazini walimwita Dada Pasi. Katika chumba cha kufulia cha hospitali watu walipokezana mashine za kuosha na za kukausha, lakini ile pasi kubwa ya mvuke, yenye upana wa kitanda, ilikuwa yake. Alisimama upande huu akiilisha mashuka mabichi, mwenzake akayapokea upande ule yakiwa makavu na moto. Chumba kilikuwa chini kabisa ya jengo, madirisha yake hayafunguki, na mvuke ulitanda humo kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Wakati wa kipupwe watu wa idara nyingine walikuwa wakipita mlangoni na kuwaonea wivu. "Nyinyi mmejaliwa," walisema. "Sisi huko juu meno yanagongana." Dada Pasi aliendelea kuilisha pasi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakujua kwamba ikifika saa ya kutoka blauzi yake huwa imemng'ang'ania mgongoni kwa jasho, na kwamba baridi ya nje humpokea kwa kofi.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa kuonekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Binti yao alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na watu wawili tu, yeye na baba mkwe wake, fundi seremala aliyestaafu, ambaye alihamia kwao baada ya mkewe kufariki. Mzee huyo hakuwa mzigo. Alijipikia uji, alifagia ua, alirekebisha kila kiti kilicholegea mpaka viti vikaisha. Kisha akajitafutia kazi nyingine: kila alasiri alitembea mpaka hospitali kumpokea mkamwana wake getini.

Kuvaa kwake kulikuwa shughuli nzima. Kwanza fulana, kisha shati la kitambaa kizito, kisha sweta, kisha koti, kisha kofia ya sufu aliyoivuta mpaka masikio yakapotea. Soksi alivaa jozi mbili. Juu ya viatu alizungusha vipande vya tyubu kuukuu alivyopewa na fundi pancha wa kule nyuma ya maghala ya mbao, ili soli zisiteleze. Akitembea alikanyaga kwa wayo mzima, hatua fupi fupi, mikono nje ya mifuko.

"Tembea kama bata, mwanangu," alimwambia Dada Pasi. "Umewahi kuona bata ameanguka?"

"Sijawahi kuona bata aliyetoka kazini, baba."

Mzee alicheka. Yeye hakucheka. Miguu ilikuwa ikimuuma kuanzia kisigino mpaka kiunoni, na safari ambayo angeimaliza upesi akiwa peke yake ilijivuta kama foleni, kwa sababu mzee alisimama kila penye dimbwi lililoganda, akalipima kwa bakora, akaeleza habari zake. Aliongea njia nzima. Aliongea juu ya mbao, juu ya majirani, juu ya paka aliyejifungua kwenye banda. Mchana kutwa Dada Pasi alikuwa amesikia ngurumo za mashine, na sasa alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kimya.

Siku hiyo walikuwa wamefika nusu ya njia, mzee akamshika mkono wa blauzi kwa vidole viwili.

"Umelowa," alisema. "Tena chapachapa. Mbona hubadilishi kabla ya kutoka? Nguo mbichi kwenye upepo huu ni sawa na kutembea uchi."

"Nitabadilisha nyumbani."

"Nyumbani ni mbali. Na kofia iko wapi? Na sweta je?"

Dada Pasi alisimama. Hakupandisha sauti, hakuwa na nguvu ya kuipandisha. "Baba, mimi si mtoto. Naomba kesho usije. Nikitoka pale sina hata pumzi ya kujibu salamu. Niache nitembee mwenyewe."

Mzee alimwachia mkono. "Sawa, mama," alisema. Wakaenda mpaka nyumbani bila neno. Dada Pasi alikuwa amekipata kimya alichokitaka, lakini kilikuwa kimya cha namna nyingine. Usiku alifikiri kwenda kugonga mlango wa mzee na kusema neno la kupoza. Alilifikiria akiwa ameketi kitandani na kiatu kimoja mkononi. Uchovu ukizidi hata kuomba radhi ni kazi. Akalala.

Kesho yake pasi iliharibika tangu asubuhi. Fundi wa mitambo alikuja, akaifungua, akakuna kichwa, akaenda kutafuta kifaa. Mashuka yalirundikana mpaka yakaziba njia ya toroli. Pasi ilipopona, msimamizi alipita na kusema hakuna kutoka mpaka wodi zote zipate mashuka, na Dada Pasi hakupata nafasi hata ya kula. Juu, nje, ambako yeye hakukuona, mvua ya rasharasha iliyochanganyika na barafu ilinyesha adhuhuri, kisha mawingu yakapasuka na upepo mkavu ukaingia. Kila kilicholowa kikaganda.

Alipotoka jua lilikuwa linazama. Sweta aliisahau kwenye kiti. Aliikumbuka akiwa getini, akatazama ngazi za kurudi chini kule, akaona ni nyingi. Alikuwa na koti jepesi na kitambaa cha shingo. Simu ilikuwa imezimika mchana. Mlinzi wa getini, bwana mnene aliyezoea kumtania, alimuuliza, "Leo mpambe wako hajaja?"

"Nimempa likizo," alijibu, akapinda kona kuelekea njia ya mkato.

Njia hiyo ilipita nyuma ya maghala ya mbao, kando ya mtaro mpana wa maji machafu. Wakati wa kiangazi ilikuwa na watu. Kipupwe kikiingia watu waliikimbia, kwa sababu jua haliifikii na jalidi, ule umande ulioganda, hukaa hapo mchana kutwa. Dada Pasi alijua yote hayo. Alijua pia kwamba inapunguza safari karibu nusu, na miguu yake ilisikia hilo tu.

Alitembea haraka, mikono mfukoni, kichwa chini. Mahali pa kuvukia mtaro palikuwa na ubao. Ulionekana umelowa. Kumbe ulikuwa umevikwa ngozi ya barafu, nyembamba na safi kama kioo. Alipoukanyaga mguu ulitoroka, na mikono ikakawia mfukoni. Alianguka ubavu, akateleza, mguu wa kushoto ukazama mtaroni mpaka pajani. Alisikia kitu kikijinyonga kwenye kifundo.

Maji hayakumuuma mwanzoni. Yalimshangaza tu. Alijivuta juu kwa viwiko, akakaa, akajaribu kusimama. Kifundo kilikataa. Alipiga kelele mara kadhaa, "Jamani! Kuna mtu?" Maghala yalikuwa yamefungwa. Alijaribu kuruka kwa mguu mmoja, akaanguka tena, akajaribu kutambaa, na mwisho akafika kwenye rundo la magogo kando ya ukuta wa mabati.

Nipumzike kidogo, alijiambia. Nikishapata pumzi nitaendelea.

Alitetemeka mpaka meno yakamuuma. Jasho la mchana kutwa lilikuwa limegeuka maji ya baridi mgongoni, na upepo ulipita kwenye lile koti kama kwamba halipo. Alijikunyata. Aliufikiria uji ulioko nyumbani, kisha akasahau anafikiria nini. Baada ya muda, hakujua mrefu au mfupi, kutetemeka kulipungua. Alishukuru. Kitu chepesi kilikuwa kinampanda kutoka miguuni, kama usingizi wa mtoto. Hapakuwa na pasi. Hapakuwa na msimamizi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hapakuwa na mtu aliyemtaka jambo lolote, na aliona raha iliyoje kuketi mahali ambapo hutakiwi. Kisha akahisi joto. Akafungua kitambaa cha shingo, kikadondoka, akakiangalia pale chini bila kukijali.

"Kiokote," sauti ilisema.

Hakugeuka. Bakora iligonga kwenye barafu, tak, tak, na uso wa mzee ukaja mbele ya uso wake, umezungukwa na kofia.

"Nilikwambia usije," alisema. Maneno yalitoka mazito, yamebanana, kama ya mlevi.

"Ulisema. Nimekuja kugombana nawe." Mzee alikuwa anahema. Alikuwa amekaa nyumbani akitii mpaka kiza kikaanza kuingia, ndipo akavaa na kwenda getini, na mlinzi akamwonyesha kona aliyoishika. "Unasikia baridi?"

"Joto."

Mzee aliegemeza bakora ukutani. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya karakana, ya mtu anayeamrisha watu wenye misumeno. "Vua koti. Vua na hiyo blauzi."

Hata katika usingizi ule Dada Pasi alishtuka. "Baba!"

"Vua, mwanangu. Imelowa, inakunyonya."

Alijaribu. Vidole havikuvishika vifungo, viliteleza kama vya mtu mwingine. Mzee alitazama pembeni, kwenye ukuta wa mabati, akapapasa na kuvifungua kimoja kimoja huku macho yake yako kule kule. "Hapa hakuna mkwe," alisema akiuambia ukuta. "Kuna mtu na baridi. Mengine tutayaonea haya kesho, tukifika."

Alivua koti lake, akavua sweta, akavua shati, vyote vikiwa na joto la mwili wake, na mwenyewe akabaki na fulana iliyotoboka begani. Alimvisha shati, kisha sweta. Alimvalisha kofia yake, akaivuta mpaka masikioni. Alimwondoa kiatu na soksi ya mguu uliolowa, akaupangusa kwa kitambaa cha shingo bila kuusugua, akamvisha soksi yake moja kavu. Akamweka juu ya mbao ili asikae kwenye barafu. Ndipo akavaa koti lake mwenyewe juu ya fulana, akalifunga mpaka shingoni, na mikono ikaanza kumtetemeka.

"Nataka kulala, baba."

"Utalala. Kwanza nieleze, ile pasi yako inawashwaje?"

"Unajua."

"Sijui. Mimi ni mtu wa randa. Kitu gani kinaanza?"

Alianza kueleza. Alieleza vibaya, akaruka hatua, akarudia. Kila alipozama mzee alimkatiza. "Hapana, hapo nimepotea. Shuka linaingia upande gani?" Dada Pasi alimchukia kweli kweli. Alitaka kumwambia aondoke na maswali yake. Lakini kuchukia nako kulitaka kuwa macho, na kwa hiyo alibaki macho.

Mzee hakuweza kumbeba. Kumwacha aende kutafuta watu aliogopa. Aliokota kipande cha ubao, akaanza kuupiga ukuta wa mabati. Alipiga kwa mapigo ya seremala, ya kupima nguvu ili asichoke mapema, huku akiuliza habari za mvuke, habari za mashuka ya wodi ya wazazi, habari za nani anakunja na nani anapanga. Ubao ukavunjika. Akaokota mwingine.

Aliyesikia alikuwa fundi pancha. Alikuwa anafunga banda lake mwisho wa njia, akadhani wezi wanabomoa ghala, akaja na spana mkononi, tayari kwa vita.

"Wewe mzee! Unavunja ukuta wa watu?"

"Lete mkokoteni," mzee alisema. "Ugomvi baadaye."

Dada Pasi alikumbuka safari ile vipande vipande. Alilazwa juu ya tyubu na magunia kama mzigo wa viazi. Gurudumu moja lililia njia nzima, na fundi pancha akaomba radhi, "Pole dada, napaka grisi magari ya watu, langu silifikii." Bandani palikuwa na jiko la makaa. Fundi alitaka kumsogeza miguu karibu na makaa na kuisugua kwa nguvu, kama alivyomwona mjomba wake akifanya. Mzee alikataa. Polepole, alisema, mwili uliopoa usiushtue. Wakamfunika blanketi na maturubai, wakamweka mbali kidogo na moto, wakampa chai yenye sukari nyingi, funda moja, kisha funda lingine. Kutetemeka kulirudi. Kulirudi kwa kishindo, na kuliuma kuliko mwanzo, na akalia. Mzee akakaa kwenye tairi na kufunga macho.

"Sasa ndiyo vizuri," alisema.

Fundi alipiga simu, na gari la hospitali likaja kuwachukua. Usiku ule Dada Pasi alilala juu ya mashuka aliyoyapiga pasi mwenyewe, akagundua kwamba yanakwaruza. Kifundo kilikuwa kimetetereka, hakikuvunjika. Muuguzi alimwambia kutetemeka ni rafiki, ni pale kunapokoma ndipo mtu aogope, na kwamba wenye joto la namna ile hukutwa asubuhi wamekufa, nguo wamezivua wenyewe. Alisema bila kutisha, huku akiandaa dawa ya mtu mwingine.

Nyumbani ndipo mambo yalipokuwa magumu. Ile haya iliyoahirishwa ilifika. Mzee alimletea uji mpaka mlangoni, akagonga mlango, akaondoka kabla haujafunguliwa. Wakikutana ukumbini mmoja alitazama dari na mwingine alitazama sakafu. Mzee alikula jikoni amesimama. Dada Pasi alilala mchana kutwa na mguu juu ya mto, na uchovu wa miaka ulitoka mwilini kidogo kidogo kama maji ya nguo iliyoanikwa, lakini moyo haukutulia. Alitaka kushukuru. Kila neno la shukrani lilipita njia moja, pale penye vifungo, akalirudisha.

Kisha mzee akaanza kukohoa. Kwanza alikohoa kwa adabu, kwenye ngumi. Siku ya tatu kikohozi kilimkunja na homa ikapanda. Dada Pasi alirukaruka kwa mguu mmoja, ameshika kuta, mpaka chumbani kwake, na chupa ya dawa ya kuchua ameibana kwapani.

"Toa shati, baba."

"Mwanangu, mimi mwenyewe nitaji—"

"Mgongoni utajifikia? Una mikono mingapi?"

Mzee alivua, akageukia ukuta. Mgongo wake ulikuwa mwembamba, mifupa yake inahesabika. Dada Pasi alichua kwa viganja vilivyozoea moto. Harufu ya dawa ilijaza chumba. Baada ya muda mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na yeye akadhani analia, kumbe anacheka.

"Nini?"

"Nafikiri pale, ukinieleza habari ya pasi. Ulikuwa umekasirika! Nilisema moyoni, huyu hafi leo, ana hasira za kutosha."

Naye akacheka, mpaka mzee akakohoa na ikabidi amshike. Walipotulia mzee alisema, bado amegeukia ukuta, "Sikuwa nakuona mtoto. Nyumba hii ikinyamaza inanitisha. Viti vimeisha, mwanangu. Nikija getini nakuwa nina mahali pa kwenda."

Dada Pasi alifunika chupa. "Na mimi nikitoka kule, hicho kimya unachokikimbia ndicho ninachokitafuta."

"Basi tumepishana."

"Tumepishana. Lakini nilikujibu vibaya, baba. Nisamehe."

"Ulikuwa umechoka," mzee alisema. "Vaa soksi, sakafu hiyo ni ya baridi."

Mumewe alirudi mwisho wa wiki, akaambiwa yote na majirani kabla ya kushuka kwenye lori. Aliingia na sauti kubwa ya mtu mwenye hofu. Baba asitoke tena nje mpaka kipupwe kiishe. Mke aache kazi ile, atafute nyingine. Alisema hayo akizunguka meza, na wagonjwa wawili wakamtazama.

"Angekaa ndani siku ile," Dada Pasi alisema, "ungekuja kunizika."

Dereva akaketi.

"Daktari akimruhusu atembee, mwache atembee. Na kazi nyingine iko wapi? Wewe kama una nguvu za kufoka, nenda kamwambie mwenye maghala aweke kizuizi pale kwenye ubao. Halafu ninunulie mabuti yenye meno chini, viatu vyangu soli zimekuwa laini kama vigae."

Alienda. Alirudi na mabuti makubwa kuliko mguu, na habari kwamba mwenye maghala amesema atalifikiria.

Siku ya kurudi kazini pasi ilimngoja, na mashuka, na ule mvuke. Kifundo kilimvimba kabla ya mchana. Saa ya kutoka alikwenda stoo na mfuko wake, akafunga mlango, akavua blauzi mbichi, akajikausha kwa taulo, akavaa fulana kavu, sweta, koti, soksi mbili. Ilimchukua muda. Wenzake walipita nje wakimgongea mlango. "Bibi harusi, hujamaliza tu?"

"Waambieni wasubiri na mahari yao," alijibu akiwa ameinama, akihangaika na kamba za mabuti.

Nje upepo ulikuwa ule ule. Mzee hakuwepo getini; kifua kilikuwa bado hakijamwachia. Mlinzi alimwambia leo baridi ni ya kumwaga, naye akajibu kwamba anajua. Alipita kwenye kona ya njia ya mkato bila kuitazama, akashika barabara kubwa, ndefu, yenye taa na watu. Alikuwa amechoka kama siku zote. Alitoa mikono mifukoni, akaanza kwenda.